Nyumba Imevunjwa Nairobi: Jinsi ya Kudai Bima Hadi Ulipwe

Dai la wizi hupimwa kwa karatasi tatu: abstrakti ya polisi (hati ya kituo inayothibitisha uliyoripoti), fomu ya madai na ripoti ya mkadiriaji hasara, yule ambaye kila mtu humwita asesa. Zikilazwa mezani pamoja, kampuni ya bima hutaka kujua kama zinaimba wimbo mmoja. Saa ile ile, mlango ule ule, orodha ile ile. Zikitofautiana, malipo huchelewa, hukatwa au hunyimwa kabisa, hata kama kila jirani kwenye ploti anajua umeibiwa. Kwa hiyo kazi kubwa iko katika siku mbili za mwanzo, wakati bado umechanganyikiwa na kila mtu anakuambia pole.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bima ya nyumba ya kawaida, ile inayouzwa kama kifurushi kimoja chenye sehemu kadhaa: jengo, vitu vya ndani, vitu vya kubebwa nje ya nyumba, wafanyakazi wa nyumbani, na dhima yako kwa watu wengine. Mpangaji kwa kawaida hana sehemu ya jengo. Hiyo ni ya landilodi, na ikiwa mlango umevunjwa huenda bima ya landilodi ndiyo ya kuutengeneza. Mwambie siku hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa chochote

Ukikuta mlango umefunguliwa, usiingie peke yako. Mwite mlinzi wa geti, keateka au jirani, na upige 999 au 112. Mwizi anaweza kuwa bado ndani.

Ukishahakikisha hakuna mtu, zuia watu kuingia. Katika mitaa yetu, dakika kumi tu baada ya habari kuenea sebule hujaa majirani, na kila mmoja anashika fremu ya dirisha akieleza jinsi wezi walivyopita. Alama za vidole zinazotafutwa na maafisa wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ziko hapo hapo: kwenye kioo cha dirisha, stendi ya runinga, droo zilizovutwa, hata boksi lililoachwa sakafuni. Waombe wageni wasimame nje.

Kisha piga picha. Anza nje, uingie ndani kwa mpangilio: geti, mlango, kufuli, grili, sebule, chumba kwa chumba. Kila mahali piga picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha eneo zima, nyingine ya karibu ukiwa umeweka rula au sarafu kando ya alama ili ukubwa wake uonekane. Malizia kwa video moja ndefu bila kukata, ukitembea kutoka mlangoni hadi chumba cha mwisho. Acha picha zibaki kwenye simu kama zilivyopigwa, kwa sababu picha iliyopitia WhatsApp hupoteza tarehe na saa iliyohifadhiwa ndani yake.

Kufuli iliyokatwa ni mali. Wengi huitupa au humwachia fundi aliyekuja kuweka mpya. Itazame kwanza: shingo ya kufuli iliyokatwa kwa mkasi wa chuma huacha nyuso mbili zinazong'aa, zilizobanwa kama ncha ya patasi, tofauti kabisa na kufuli iliyofunguliwa kwa ufunguo. Asesa akiishika mkononi, swali la kama kulikuwa na uvunjaji limejibiwa nusu. Iweke kwenye bahasha, andika tarehe na mahali ilipookotwa. Vivyo hivyo kwa silinda ya kitasa iliyovunjika, vipande vya kioo, na chuma cha grili kilichokatwa. Polisi wakivichukua kama ushahidi, vipige picha kwanza na uandike jina la afisa aliyevichukua.

Ikiwa simu imeibiwa, fanya hivi mapema kuliko yote: tumia laini nyingine ya Safaricom kupiga 100 (au huduma kwa wateja ya mtandao wako) na ufunge laini pamoja na M-PESA. Simu iliyoibiwa ikiwa wazi, mwizi anaweza kuchukua mikopo kwa jina lako kabla jua halijachomoza, na hasara hiyo bima ya vitu vya nyumbani haiigusi. Kadi za benki nazo zifungwe saa hiyo hiyo.

Baada ya polisi kuona, funga nyumba. Mkataba wa bima unakutaka uzuie hasara zaidi, na wezi waliopata njia rahisi hurudi. Mwite fundi wa kuchomelea, abadilishe kufuli na anyooshe grili. Risiti yake isiandike tu "kazi ya mlango". Aandike alichokikuta: "kufuli moja iliyokatwa imebadilishwa, vyuma viwili vya grili ya dirisha la jikoni vilivyopinda vimechomelewa upya." Ukivunjiwa usiku na polisi hawafiki hadi asubuhi, usilale mlango wazi ukiwasubiri. Piga picha na video, funga, halafu waeleze kituoni ulichofanya.

Kituo cha polisi: orodha ya kwanza ndiyo inayokumbukwa

Nenda kituo kinachosimamia eneo la nyumba. Mkazi wa Umoja anayefanya kazi mjini asiende Central kwa kuwa ni karibu na ofisi. Atarudishwa, na atakuwa amepoteza siku. Ripoti ndani ya saa 24.

Maelezo yako huandikwa kwenye kitabu cha matukio (Occurrence Book, kwa kifupi OB), nawe hupewa nambari ya OB. Nambari hiyo hubeba mfuatano wa siku na tarehe, na itaombwa kila mahali kuanzia sasa. Kuandikisha OB hakulipiwi, wala abstrakti hailipiwi.

Mambo manne lazima yaingie. Kwanza, nyumba ilifungwa saa ngapi na nani, na iligunduliwa imevunjwa saa ngapi na nani. Pili, wezi waliingilia wapi na kwa njia gani. Tatu, vitu vilivyoibwa. Nne, vilivyoharibiwa.

Jambo la pili ndilo linalowaangusha watu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inatofautisha kuvunja nyumba na kuiba tu. Kifungu cha 304 kinahusu kuvunja na kuingia, adhabu ikiwa hadi miaka 7 mchana na hadi miaka 10 usiku. Wizi wa kitu ndani ya nyumba bila kuvunja uko kwenye kifungu tofauti, 279. Ukisema "nimeibiwa runinga" bila kutaja dirisha lililovunjwa, afisa anaweza kuandika wizi, na abstrakti itatoka hivyo. Mikataba mingi ya bima hulipa wizi pale tu ambapo kuna kuingia au kutoka kwa nguvu. Neno moja lililokosekana kituoni huweza kugeuka barua ya kukataliwa miezi miwili baadaye.

Kuhusu vitu: hutakumbuka vyote siku hiyo. Watu hugundua wiki ya pili kwamba pasi haipo, au viatu vya mtoto vya shule. Kwa hiyo sema wazi, "Afande, orodha hii haijakamilika, nitarudi kuongeza," na umwombe aandike hivyo. Kisha urudi kweli, ndani ya siku chache, na orodha iliyochapwa. Kitu kilichoko kwenye fomu ya madai lakini hakimo kwenye rekodi ya polisi ndicho cha kwanza kukatwa.

Saa nazo zina mtego wake. Kituoni na kwenye bima hutumika saa za kijeshi au za Kiingereza. Ukisema ulitoka nyumbani saa mbili asubuhi, hakikisha imeandikwa 0800, isiwe 0200. Fomu ikisema ulitoka saa mbili asubuhi na abstrakti ikisema saa nane usiku wa manane, asesa ana haki ya kuuliza ulikuwa wapi.

Abstrakti hutolewa baada ya afisa mpelelezi kupewa faili. Chukua jina lake na nambari ya simu. Kabla ya kuondoka na karatasi, isome ukiwa bado kaunta: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye hati ya bima, jina la ploti na nambari ya nyumba, tarehe, njia ya kuingilia, orodha, saini na mhuri. Makosa husahihishwa kirahisi siku hiyo. Baada ya wiki tatu, afisa aliyeandika huenda amehamishwa. Piga nakala tano, kwa sababu utaihitaji pia ukibadilisha kitambulisho, kadi za benki au laini.

Kuna kamera? Mwombe mwenye ploti au msimamizi wa mtaa akuhifadhie picha leo, wala si kesho. Mashine nyingi hujirekodia juu ya picha za zamani baada ya wiki moja au mbili, kulingana na ukubwa wa diski. Baadhi ya wasimamizi husita kukupa nakala kwa sababu ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwani kuna nyuso za wapangaji wengine. Usibishane nao. Mwombe afisa mpelelezi aziombe yeye kwa barua, ila wao wazihifadhi kando kwanza. Piga pia picha ya ukurasa wa kitabu cha geti wa siku hiyo.

Kuijulisha kampuni ya bima

Piga simu siku hiyo hiyo, kisha tuma barua pepe. Simu haina ushahidi. Kama ulinunua bima kupitia wakala au broka, mwandikie yeye na kampuni kwa pamoja. Kumwambia wakala peke yake ni kumtegemea mtu ambaye anaweza kuwa shags wiki nzima. Ujumbe mfupi unatosha:

*"Natoa taarifa ya wizi wa kuvunja nyumba. Hati nambari …, jina …. Tukio lilitokea tarehe … kati ya saa 0745 na 1830. Wezi walikata kufuli ya grili ya mlango wa mbele. Limeripotiwa Kituo cha Polisi cha …, OB nambari …. Vitu vya sebule na chumba cha kulala vimeibwa. Orodha kamili inafuata. Nimefunga nyumba kwa muda. Naomba fomu ya madai, nambari ya dai, na asesa."*

Usikisie thamani katika ujumbe huu. Kiasi utakachotaja leo kitakufuata.

Ukisubiri fomu, toa hati ya bima na usome jedwali lake: tarehe za kuanza na kwisha, kiasi cha bima kwa kila sehemu, eksesi (sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe), na masharti ya usalama. Sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo, kwa hiyo kama ulikuwa unalipa kwa awamu, thibitisha hukuwa na awamu iliyopita tarehe. Angalia pia kipengele cha nyumba kuachwa bila mtu. Kuna mikataba inayoondoa kinga ya wizi nyumba ikikaa tupu kupita idadi fulani ya siku mfululizo, na idadi hiyo si moja kwa kampuni zote. Anayeenda ushago Desemba nzima na kuacha nyumba ya Donholm imefungwa ndiye anayekutana na kipengele hiki.

Orodha ya vitu, na jinsi ya kuithibitisha

Hapa ndipo pesa zilipo. Keti na watu wote wa nyumba, mpite chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, mkiuliza: hapa palikuwa na nini? Msianze na vitu vikubwa, hivyo hamtavisahau. Vinavyosahaulika ni mtungi wa gesi wa kilo 13 na regyuleta yake, rimoti na dekoda, chaja, mapazia, blanketi, viatu, manukato, pasi, blenda. Kumbukeni pia vitu ambavyo wezi walibebea vingine: masanduku yenu ya safari na mashuka. Navyo vimeibwa.

Kila kitu kipewe mstari wake, mfano:

*Laptopu, inchi 14, nambari ya mfululizo …, ilinunuliwa Luthuli Avenue, Machi 2023, Sh 90,000, imelipwa kwa M-PESA (taarifa, uk. 3), boksi lipo, bei ya sasa ya inayofanana Sh 90,000 (nukuu ya duka, kiambatisho 7).*

Mstari kama huu hauulizwi swali la pili. Mstari wa "laptopu 1 – 120,000" huulizwa matano.

Tatizo la Nairobi ni risiti. Duka nyingi za Luthuli na River Road hukupa karatasi iliyoandikwa kwa mkono "TV 1 pc", isiyo na modeli wala jina lako, na wino wake hufifia ndani ya mwaka. Usikate tamaa, risiti ni ushahidi mmoja tu kati ya mingi. Vinavyokubalika mara nyingi ni hivi:

- taarifa ya M-PESA au ya benki inayoonyesha malipo kwa duka, tarehe hiyo, kiasi hicho;
- boksi, kitabu cha maelekezo au kadi ya waranti yenye nambari ya mfululizo;
- nambari ya IMEI ya simu, iliyoko kwenye boksi na mara nyingi kwenye akaunti ya Google au Apple, pamoja na orodha ya vifaa vilivyounganishwa;
- barua pepe za oda za mtandaoni;
- picha za familia. Birthday ya mtoto sebuleni, runinga ikionekana nyuma ya keki, ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, maana ina tarehe na haikupigwa kwa ajili ya bima;
- barua fupi ya aliyekupa zawadi, ikiwa na nakala ya kitambulisho chake.

Usirudi dukani kuomba risiti "ya zamani" iliyoandikwa leo kwa tarehe ya 2022. Asesa hupiga simu dukani, huomba kaunta-foili (kipande cha risiti kinachobaki dukani), na huijua karatasi mpya kwa kuitazama tu. Mikataba karibu yote ina sharti kwamba udanganyifu katika sehemu moja ya dai hufuta dai zima: ukiongeza saa ya dhahabu ambayo hukuwa nayo, unapoteza na runinga uliyokuwa nayo. Mbali na hilo, kuna kitengo cha polisi kinachoshughulikia ulaghai wa bima peke yake.

Kwa bei ya sasa, pata nukuu kutoka duka mbili kwa kila kitu kikubwa, cha kiwango kile kile. Aliyeibiwa runinga ya inchi 43 asilete nukuu ya 55.

Baadhi ya vitu viache nje ya orodha kuu, au uviandike kando ukijua huenda visilipwe. Pesa taslimu kwa kawaida hazimo, au zina kikomo kidogo. Laptopu ya ofisi ni ya mwajiri, mwarifu adai kwenye bima yake. Mtumba au vipodozi unavyouza mtandaoni kutoka chumba cha pili ni bidhaa za biashara, na bima ya nyumba haizilindi. Mali ya mgeni aliyelala kwako inategemea maneno ya mkataba.

Fomu ya madai

Ijaze mwenyewe, abstrakti ikiwa mbele yako. Wakala akikwambia "weka saini tu, nitajaza", kataa kwa adabu. Saini ni yako, na makosa yatakuwa yako.

Maswali mengi ni mepesi. Yanayoponza ni matatu: kama una bima nyingine inayolinda vitu hivyo hivyo, kama uliwahi kupata hasara au kukataliwa na kampuni nyingine, na kama kuna benki au sako yenye haki juu ya mali. Jibu kweli. Friji uliyochukua kwa mkopo na hujaimaliza bado ina mdai mwingine. Usiache nafasi wazi, andika "hakuna". Piga picha kila ukurasa kabla ya kuituma, na uipeleke kwa njia yenye uthibitisho: barua pepe, au kaunta wakugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Asesa anapokuja

Asesa huteuliwa na kulipwa na kampuni, lakini lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mwombe barua ya uteuzi na kitambulisho. Hatoi uamuzi, anapendekeza, na kampuni nadra kuuacha ushauri wake.

Atatazama walipoingilia, atapima nafasi ya grili iliyopinda, atahoji mlinzi, msaidizi wa nyumbani na jirani, kila mmoja peke yake. Usiwafunze la kusema. Majibu matatu yanayofanana neno kwa neno humtia shaka zaidi ya majibu yanayotofautiana kidogo. Wewe jibu unachojua. Kama hujui walikuja saa ngapi, sema hujui.

Analolitafuta zaidi ni nguvu. Grili iliyotanuliwa kwa jeki ya gari huacha vyuma viwili vimepinda kwa nje kama upinde, na mikwaruzo pale jeki ilipokalia. Hilo halina ubishi. Kioo kilichotolewa kizima kwa kubandua putei ni uvunjaji pia, lakini huonekana kidogo, kwa hiyo onyesha putei iliyoanguka na alama za bisibisi. Ugumu unaanza hapa: nguo na simu zilizovutwa kwa fimbo yenye ndoano kupitia dirisha lililo wazi. Hakuna kilichovunjwa, na kampuni nyingi zitakataa. Mlango uliofunguliwa kwa ufunguo wa kunakili nao ni mgumu, isipokuwa silinda ikifunguliwa na kuonyesha mikwaruzo ya ndani. Ndiyo sababu tumesema uihifadhi. Wizi wa mtu uliyemkaribisha mwenyewe, awe fundi, mgeni au msaidizi wa nyumbani, mara nyingi haumo, ila mkataba ukitaja vinginevyo. Unyang'anyi wa silaha ni jambo jingine: nguvu imetumika dhidi ya watu, na kwa kawaida hulipwa hata kama uliwafungulia mlango mwenyewe chini ya vitisho. Ripoti ya hospitali, kama kuna aliyeumia, iambatishwe.

Atalinganisha pia na ulichojaza siku ya kununua bima. Ukiwa uliandika kuna mlinzi usiku na grili madirisha yote, naye akakuta dirisha la bafu halina grili na ndilo lililotumika, jiandae kwa mjadala.

Akidokeza kwamba ripoti inaweza kuwa "nzuri" ukimwona kidogo, usilipe. Andikia kampuni.

Kwa nini unalipwa pungufu: hesabu

Watu hulalamika kuwa wameibiwa mara mbili, kumbe hesabu ilikuwa ndani ya hati tangu mwanzo. Tuichukue familia ya South B yenye bima ya vitu vya ndani ya Sh 800,000, ambayo thamani halisi ya vitu vyake vyote ni Sh 1,000,000. Wameibiwa:

Runinga 38,000, laptopu 90,000, spika 27,000, mikrowevu na mtungi wa gesi 20,000, nguo, viatu na blanketi 25,000. Jumla Sh 200,000.

Kwanza ni kikomo cha kitu kimoja. Katika mikataba mingi, kitu ambacho hakikutajwa peke yake hakilipwi zaidi ya asilimia 5 ya kiasi cha bima, fanicha na vyombo vikubwa vya nyumba vikiachwa nje ya sharti hilo. Asilimia 5 ya 800,000 ni 40,000. Laptopu inashuka kutoka 90,000 hadi 40,000, na dai linabaki Sh 150,000.

Pili ni uwiano. Umelinda asilimia 80 ya mali yako, kwa hiyo kampuni inabeba asilimia 80 ya hasara: 120,000. Ndiyo maana asesa hupiga picha hata za sofa ambalo halikuibwa. Anahesabu thamani ya nyumba nzima.

Tatu ni eksesi, sehemu unayoibeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10, ondoa 12,000. Zinabaki Sh 108,000.

Na hapo hatujagusa uchakavu. Mkataba wa "kipya kwa cha zamani" hulipa bei ya kifaa kipya cha kiwango kile. Mkataba wa fidia ya kawaida hukata umri, na vifaa vya umeme hukatwa sana. Ofa ikija, omba hesabu kwa maandishi, kitu kwa kitu, ukilinganisha na hati: je, kikomo cha asilimia 5 kimewekwa kwenye friji ambayo haikupaswa kuguswa? Je, thamani ya nyumba nzima imekuzwa ili uwiano uwe mbaya? Je, uchakavu umekatwa kwenye mkataba ambao hauuruhusu? Hapa ndipo kubishana kuna maana, ukiwa na nukuu zako mkononi. Hasira bila karatasi haileti shilingi.

Laptopu ile ingekuwa imeandikwa kwenye sehemu ya vitu vya kubebwa, kwa nambari yake ya mfululizo na thamani yake, isingeingia kabisa kwenye hesabu hii.

Ikikawia au ikikataliwa

Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 tangu dai kuripotiwa. Ulizia kila wiki mbili kwa barua pepe fupi, ukitaja nambari ya dai na swali moja: ni hati gani bado inahitajika? Jibu la kawaida ni ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa polisi. Usingoje kampuni iifuate. Nenda kwa afisa mpelelezi, na kama amehamishwa, muone OCS, mkuu wa kituo, akupe anayeshika faili.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na kipengele cha mkataba kinachotegemewa. Andika rufaa kwa kampuni kwanza. Isipobadili msimamo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Zep-Re Place, Upper Hill, ukiambatisha hati ya bima, abstrakti, fomu, barua zote na mpangilio wa tarehe kwenye ukurasa mmoja. Huduma hiyo hailipiwi. Kabla ya kufikiria mahakama, soma mwisho wa hati: mingi ina kipengele cha usuluhishi, na mingine huweka miezi 12 tangu kukataliwa kuwa mwisho wa kushtaki.

Hundi ikitoka

Kabla ya malipo utapewa vocha ya kukubali. Ikisema "malipo kamili na ya mwisho", saini yako inafunga mlango. Usitie kama bado unabishania laptopu.

Baada ya kulipwa, kiasi chako cha bima huwa kimepungua kwa kiasi ulicholipwa hadi mwaka uishe. Familia yetu ya South B sasa ina 692,000. Omba kirudishwe, ulipe nyongeza ndogo ya siku zilizobaki, na upate barua ya kuthibitisha.

Polisi wakipata runinga yako baadaye kule Ngara au kwingine, usiichukue kimya kimya. Kitu kilicholipwa ni mali ya kampuni. Waarifu kwa maandishi. Mara nyingi watakupa nafasi ya kuichukua na kurudisha malipo yake, au wataiuza wenyewe.